Mpasua Mafuvu aliyefia kitandani

Kati ya bia nzito za Kiskoti, iliyoniteka ni Skull Splitter ya visiwa vya Orkney. Ina rangi ya kahawia inayogeuka wekundu ukiiinua glasi kwenye mwanga, harufu ya tende na zabibu kavu, utamu wa kimea, na kileo cha asilimia 8.5 kinachopasha kifua moto polepole. Ukiibugia inakusuta yenyewe. Mwaka 2001 CAMRA, chama cha wapenzi wa bia Uingereza, kiliitangaza bingwa wa bia za msimu wa baridi. Kasheshe iko kwenye jina, ambalo kwetu lingekuwa Mpasua Mafuvu.

Mwaka 2008 jina hilo nusura liitoe madukani. Portman Group, taasisi inayogharimiwa na kampuni za vileo ili kusimamia maadili ya lebo na matangazo yao, iliagiza ripoti, na ripoti ikaona jina linaashiria vurugu. Kanuni zao zinakataza kileo kuhusishwa na vurugu, na kinachopatikana na kosa maduka huambiwa yasikiuze. Kwa kiwanda kidogo kilichoanza 1988 kwenye jengo la shule ya zamani kijijini Quoyloo, hilo si jambo la kupuuza. Bia ilinusurika na jina lake, lakini mabishano hayajafa.

Nao wanaolalamika hawajatoka usingizini. Mwaka 2023 Uskoti ilizika watu 1,277 waliokufa kwa sababu zitokanazo moja kwa moja na pombe, katika nchi yenye watu wasiofika milioni sita. Muuguzi anayeshona vichwa vilivyopasuka kila Jumamosi usiku ana haki ya kuuliza kama lazima chupa nayo ijisifie kupasua mafuvu.

Ila tumsikie na mwenye jina. Thorfinn Einarsson alitawala Orkney karne ya 10, na Mpasua Mafuvu ndilo lakabu lake katika masimulizi ya kale, wala si ubunifu wa ofisi ya masoko. Hata huo Uskoti wenyewe umekuja baadaye. Wakati huo visiwa vilikuwa vya Waviking, watu wa asili ya Norwe, na ni mwaka 1468 tu ambapo Mfalme Christian I wa Denmark na Norwe aliviweka rehani, kwa kukosa fedha alizoahidi alipomwoza binti yake Margaret kwa Mfalme James III wa Uskoti. Rehani haijakombolewa mpaka leo.

Kinachonichekesha ni kwamba masimulizi ya kale ya visiwa hivyo yanamsifu Thorfinn kuwa chifu mkubwa na shujaa, lakini hayatuonyeshi hata fuvu moja alilopasua. Yanasema alikufa kwa maradhi, akazikwa Hoxa. Damu inaanza kumwagika baada yake, na anayeongoza ni mkwewe Ragnhild: alimfitini mumewe Arnfinn akauawa, akaolewa na shemeji yake Havard, naye akauawa kwa njama zake, kisha akahamia kwa Ljot, ndugu wa tatu. Huyo hana bia.

Mnywaji wa Afrika Mashariki haya hayamshangazi. Tusker imebeba kumbukumbu ya tembo aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, mwaka 1923. Sijawahi kusikia mtu aliyemaliza chupa mbili akaanza kukanyaga wenzake.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo lawama za jina zinaponishinda. Chupa ya mililita 330 ya Skull Splitter ina takriban vipimo 2.8 vya kileo. Kipimo kimoja ni mililita 10 za alkoholi tupu, na ushauri wa kiafya wa Uingereza ni kutozidisha 14 kwa wiki. Kwa hiyo chupa tano zimemaliza wiki nzima. Linganisha na yale madumu ya lita tatu ya kileo cha tufaha chenye asilimia 7.5: dumu moja ni vipimo 22.5, zaidi ya wiki na nusu ya mtu mzima, na majina yake hayamtishi hata mtoto. Uskoti ilipoweka bei ya chini kisheria Mei 2018, senti 50 za pauni kwa kila kipimo, dumu hilo likawa haliwezi kuuzwa chini ya pauni 11.25. Septemba 2024 kiwango kikapanda hadi senti 65, na dumu likafika karibu pauni 14.63. Sheria hiyo haikusoma jina la mtu, ilipima kilichomo. Na waliokuwa wakilewa kwa madumu hayo hawakuvutwa na Mviking yeyote.

Ng'ambo ya bahari, jimbo la Alabama, Marekani, lilikataza mwaka 2012 Dirty Bastard, bia ya mtindo huohuo wa Kiskoti kutoka Michigan, yenye asilimia 8.5 vilevile. Kileo hakikuwa na neno, tusi ndilo lililowaudhi. Na mvinyo uitwao Fat Bastard ulikuwa umeshakaa kwenye rafu zao.

Ningekuwa kwenye jopo la Portman Group, jina la Skull Splitter ningelipitisha bila kusita. Picha ya jitu lenye shoka iliyo kwenye lebo ndiyo ningeijadili, kwa sababu mtu aliye dukani huiona picha kutoka mbali, kabla hajasoma chochote kuhusu Thorfinn. Hilo mchoraji wa lebo anaweza kulirekebisha, bila kumgusa marehemu.