Siku 198 za papa mweupe

Mwambie mvuvi wa Mafia kwamba kuna watu ng'ambo wanaandamana kwa sababu papa kawekwa kwenye tangi la kioo, atacheka. Kwake papa ni jarife, ule wavu wa kumnasia, ni papa mkavu wa nazi. Hata mjadala huu ukizuka kwetu mtandaoni jibu ni lile lile: hao hawana kazi, samaki ni samaki. Nadhani tunawasikia vibaya. Huruma wanayo, lakini hoja yao nzito iko kwenye mwili wa papa mwenyewe.

Septemba 2004, akwaria (jumba la kuonyeshea viumbe wa majini) ya Monterey Bay huko California, Marekani, ilianza kumwonyesha papa mweupe jike, mchanga bado, urefu wake kama mita moja na nusu. Wavuvi walikuwa wamemnasa pasipo kumkusudia. Waliomtangulia, huko na kwingineko, walikuwa wakigoma kula, na katika siku chache ama wamekufa ama wamerudishwa majini kabla hawajafa. Huyu alikula. Alikaa siku 198, watu wapatao milioni moja wakapita mbele ya kioo chake, na tarehe 31 Machi 2005 akarudishwa baharini akiwa na kilo 73 hivi.

Wanaotetea matangi huitaja namba hiyo ya siku 198 kama kombe, na mimi pia niliwahi kuisoma hivyo. Siku hizi kila nikiirudia inanitia mashaka zaidi. Tangi lilikuwa la lita karibu milioni nne. Walezi walikuwa miongoni mwa mabingwa wa kazi hiyo duniani, na chakula alikuwa akiletewa mdomoni. Pamoja na hayo yote, rekodi ya dunia haikufika miezi saba. Kilichoikatisha ni papa huyo huyo: alianza kuwashambulia papa wenzake tangini, wawili wakafa, na walezi wakaona imetosha. Hakuna mwanaharakati aliyewalazimisha. Hadi mwaka 2011 walijaribu tena na wengine watano, na hakuna aliyekaa muda mrefu kama yule wa kwanza. Wa mwisho alikaa siku 55, akaachiwa, akafa muda mfupi baadaye. Kule Okinawa, Japani, Januari 2016, papa mweupe dume wa mita tatu na nusu alidumu siku tatu.

Kwa nini? Papa mweupe hana namna ya kutulia huku akisukuma maji kwenye mashavu yake, kama wafanyavyo papa wanaolala chini mchangani. Ili apumue sharti asonge mbele, usiku na mchana. Sasa mpe ukuta kila baada ya sekunde chache. Halafu puani ana vitundu vinavyohisi umeme mdogo mno, ule unaotoka kwenye misuli ya samaki anayejificha. Mwaka 1980 akwaria moja ya San Francisco ilikuwa na papa mweupe aliyekuwa akijigonga pale pale kila akipita. Walipopima, sehemu ile ilikuwa na hitilafu ya umeme ambayo binadamu asingeihisi kabisa. Wakamrudisha baharini.

Upande wa pili nao una lake, tena si dogo. Papa wa Monterey alitoka kwenye wavu. Papa wengi wanaonaswa namna hiyo huishia sokoni. Watu milioni waliokuja wakiogopa meno waliona mtoto wa samaki akikata maji kwa utulivu, na fedha zilisaidia utafiti wa kuwafuatilia papa wachanga kwa vifaa. Potwe, yaani papa nyangumi, waliopelekwa akwaria ya Atlanta, Marekani, walitoka Taiwan, ambako hadi 2008 potwe alikuwa akivuliwa kuliwa. Ukiuliza tangi au kisu, jibu si gumu. Lakini wawili wa kwanza, Ralph na Norton, walikufa mwaka 2007 wote, akwaria yenyewe haijatimiza hata miaka miwili.

Wala si kila papa anateseka sawa. Wenzetu wanaofuata mizigo Dubai wamewaona wale wa Dubai Mall, wenye meno yaliyochomoza nje ya mdomo, tangi la lita milioni kumi, watu na mifuko yao ya dukani wakipiga picha. Wale ni wakali kwa sura tu. Hupanda juu, humeza hewa, kisha huelea karibu bila kujisumbua. Kuwatumia hao kama ushahidi kwamba papa mweupe naye ataweza ni kusema mbuzi anafugika, basi na nyati.

Anayenipa shida ni Jinta, potwe dume aliyeanza kufugwa Okinawa mwaka 1995 na kudumu miongo. Sina jibu jepesi kwake. Ninachojua ni kwamba tangi lake lina kina cha mita kumi, na potwe walio huru huzama zaidi ya mita 1,000. Hoteli moja ya Dubai ilimweka potwe mchanga tangini mwaka 2008. Kelele zikawa nyingi, na Machi 2010 akaachiwa.

Potwe wa aina hiyo hiyo hufika Kilindoni, Mafia, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, akifuata uduvi. Mtalii hulipa, boti huzima injini, watu huingia majini, na akichoka nao huzama. Mara nyingine huingia kwenye nyavu za wavuvi wa dagaa. Wale wale wanaocheka habari za maandamano hushusha wavu upande mmoja, wakamwacha apite taratibu, kisha wakarudi kuvuta dagaa wao.