Nairobi Imeshinda kwa Malipo, Imeshindwa kwa Saa

Tunaoishi London tukirudi Nairobi hatukawii kulalamikia maegesho, na ushauri wetu huwa uleule: leteni programu ya simu kama kule. Ushauri huo haufai. Kwa kulipa, Nairobi iko mbele. M-Pesa ilianza 2007, kaunti ikaanza kupokea ada za maegesho kwa njia ya kidijitali 2014, na leo hata dereva mwenye kabambe, simu isiyo janja, anapiga *235#, anachagua maegesho, anaandika nambari ya gari na eneo, anaweka PIN. Nambari moja kwa jiji zima.

London kila halmashauri ina mkataba wake. Mtaa huu unalipa kwa programu ya RingGo, ukivuka mpaka huenda ukatakiwa nyingine, PayByPhone, na ukikosea tarakimu moja ya msimbo wa eneo umelipia mtaa mwingine. Mashine za sarafu zimeng'olewa sehemu nyingi, wazee wasio na simu janja wanahangaika. Matapeli nao hubandika misimbo ya QR bandia kwenye vibao, mtu akadhani analipia maegesho kumbe anawapa nambari ya kadi yake. Hayo tusiyaige.

Cha kuiga ni saa. Katikati ya Nairobi ada ni ya siku nzima. Tuseme ni shilingi 300: anayeacha gari saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni analipa shilingi 30 kwa saa, na aliyeingia duka la dawa dakika ishirini analipa 300 zilezile. Basi nafasi zinawahiwa alfajiri na wenye ofisi, na mteja wa Barabara ya Biashara anazunguka akichoma mafuta. Mtaa wenye nafasi 40 unahudumia magari 40. Ukiweka kikomo cha saa mbili, kwa saa hizo kumi nafasi zilezile zinaweza kupokea magari 200. London nafasi nyingi za barabarani zina kikomo cha namna hiyo. Simu inakuruhusu kuongeza muda, lakini si kupita kikomo, na mara nyingi huruhusiwi kurudi palepale kabla ya muda fulani kupita.

Jambo la pili linaniuma zaidi: kufunga gurudumu kwa chuma ili gari lisiondoke. Kanjo, yaani askari wa kaunti, anaangalia nambari ya gari kwenye kifaa chake, asipoona malipo anafunga. Mara nyingine dereva amelipa, ila pesa zimetoka M-Pesa na sistimu ya kaunti imelala, au herufi ya mwisho ya nambari ilikosewa. (Isome tena kabla ya kuweka PIN, na usifute ujumbe wa M-Pesa, ndio ushahidi wako.) Hata kwa mkosaji wa kweli, adhabu hiyo inajipinga: gari lisilotakiwa pale linazidi kukaa palepale mpaka mwenyewe aje alipe.

London hupewa tiketi, gari linaondoka. Ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Ukipinga na halmashauri ikakataa, unafika kwa mwamuzi huru bila kulipia rufaa. Tangu 2015, England nzima, muda uliolipia ukiisha kwenye maegesho ya halmashauri una dakika kumi kabla ya kuandikiwa faini. Yote haya yanawezekana kwa sababu halmashauri inaweza kupata anwani ya mwenye gari kutoka rejista ya magari. Kwetu rejista iko NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama, na nambari za simu tunazo. Kaunti na NTSA zikiunganisha kumbukumbu, faini itamfuata mwenye gari kwa SMS na chuma kitabaki kwa wenye madeni sugu tu.

Na pesa ziende wapi? Sheria ya Uingereza ya 1984, kifungu cha 55, inaitaka halmashauri iweke hesabu ya maegesho ya barabarani peke yake, na ziada itumike hasa kwa usafiri na barabara. Dereva wa Nairobi anayelipa kila siku huku akiruka mashimo ana haki ya kuonyeshwa hesabu kama hiyo.

Kaunti inaweza kuanza na mtaa mmoja, Biashara au Muindi Mbingu: kibao chenye msimbo wa eneo na kikomo cha muda, SMS ya kukumbusha dakika kumi kabla, na kwenye menyu ya *235# swali moja la nyongeza: saa ngapi?