Fyuzi ikae shibiri moja kutoka kwenye betri

Fungua boneti ya Hilux iliyotoka kufungwa spotilaiti, kisha fuata waya mwekundu kuanzia kwenye kichwa cha betri. Umepita nyuma ya boksi la chujio la hewa, umeegemea bomba la maji ya moto, umepenyezwa kwenye tundu lililotobolewa kwa drili na kuachwa bila mpira, umetokea juu ya pedali ya klachi. Huko chini ya dashibodi, baada ya mita mbili na ushee, ndipo unaikuta fyuzi. Ina kifuniko, imefungwa kwa tepu nyeusi, na fundi anaigonga kwa kidole kwa fahari: "Bosi, usiwe na wasiwasi, fyuzi hii hapa."

Heri angeiacha dukani.

Fyuzi hiyo inalinda nini? Taa ikiungua imeungua, fyuzi haiifufui. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, na hizo mita mbili kutoka kwenye betri hadi chini ya dashibodi hazina mlinzi. Betri inayozungusha stata ya injini ya dizeli ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea kwa mkupuo. Waya wa mbili na nusu, yaani wa milimita za mraba 2.5, hauwezi hata robo yake. Tundu lile la drili lina kingo kali kama wembe, na barabara zetu za vumbi zinalitikisa gari kama ungo. Siku kingo hizo zitakapomaliza kuula mpira wa waya, shaba itagusa bodi, chuma cha gari kilichounganishwa na hasi ya betri, na umeme utarudi kwenye betri kwa njia ya mkato bila hata kuifikia fyuzi. Plastiki itayeyuka, itashikana na nyaya za gari zilizofungwa nao pamoja, na moshi utaingilia kwenye matundu ya feni. Muda wote huo fyuzi ya fahari itakuwa haijakatika.

Shibiri moja. Weka kidole gumba kwenye kichwa cha betri, nyosha kiganja, pale kidole cha mwisho kinapogusa ndipo fyuzi ikae. Ikiwa karibu zaidi ni bora zaidi. Kama kuna betri ya pili nyuma kwa ajili ya friji, waya wake unahitaji fyuzi kila upande, kwa sababu umeme unaweza kuushambulia kutoka kokote.

Ukubwa wake nao haukisiwi. Spotilaiti mbili za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa 12 unapata ampea 9 na kidogo. Hapo ni waya wa mbili na nusu na fyuzi ya ampea 15, ile ya bluu. Zikiwa za wati 100 kila moja ni karibu ampea 17: panda hadi waya wa 4 na fyuzi ya 25, ile isiyo na rangi. Unene wa waya ndio unaoamua fyuzi. Anayetoa ya bluu iliyokatika na kuchomeka ya kijani ya 30 kwa sababu "hii haisumbui" ameugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, tena fyuzi yenye urefu wa mita nne. Anayezungushia karatasi ya pakiti ya sigara sina la kumwambia. Fyuzi bei yake haifiki soda moja. Ikikatika mara mbili kuna mahali waya unagusa bodi, patafute.

Nakubali, shingo upande, kwamba makasha ya fyuzi yanayouzwa barabarani mengine ni balaa. Mkia wake ni mwembamba kuliko waya unaounganishwa nao, viguso vimelegea, vinapata joto mpaka plastiki inalainika ilhali fyuzi yenyewe nzima. Fundi aliyeyachoka ana haki ya kuyachoka. Basi anunue lenye mkia mnene na kifuniko cha mpira, alifunge mdomo ukitazama chini ili maji yasitulie ndani.

Tena waya mnene hauna shughuli yoyote ndani ya kabini. Relei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, ipo kwa kazi hiyo. Mguu wa 30 unapokea kutoka kwenye fyuzi, 87 unapeleka kwenye taa, 85 na 86 ni koili inayokula chini ya robo ampea. Kinachoingia ndani kwenye swichi ni uzi mwembamba tu, na swichi ya dashibodi haikaangwi na ampea 9 kila usiku. Relei ifungwe miguu ikitazama chini, mbali na joto la injini. Tundu la ukuta kati ya injini na kabini livishwe mpira hata kwa huo uzi mwembamba, au tumia mpira mkubwa ambao kiwanda kimepitishia nyaya zake. Mara nyingi una nafasi ya kupenyeza mmoja zaidi.

Hapo kwenye relei kuna mtego wa Toyota, na kwa jinsi zilivyojaa nchini ni ajabu bado unawanasa watu. Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani hukatia taa za mbele upande wa hasi. Balbu ina miguu mitatu: mmoja wa pamoja unapewa chanya, na swichi ya usukani ndiyo inayochagua upi kati ya fulu na dimu upelekwe bodi. Fundi aliyezoea magari mengine anachukua waya wa fulu anauchomeka 86, kisha 85 anaupiga bodi. Matokeo: ukiwa kwenye dimu spotilaiti zinawaka, ukipiga fulu zinazima. Anabadilisha relei. Anabadilisha swichi. Mwisho anatangaza kwamba gari lina "umeme wa ajabu". Ajabu ni kukaa na mita ya kupimia volti kwenye droo. Washa dimu, pima waya wa fulu dhidi ya bodi. Ukisoma volti 12 gari lako ni la kukatia hasi: 86 uende kwenye mguu wa pamoja, 85 uende kwenye waya wa fulu, swichi yako ikae katikati ya mmojawapo. Ukisoma sifuri, funga kwa mtindo wa kawaida. Pikapu mpya zenye kompyuta ya bodi ni suala jingine kabisa, huko usichune waya wa kiwanda hata mmoja kabla hujajua unabeba nini.

Waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, ubaki nyumbani. Gari linatikisika, uzi mmoja unakatika ndani kwa ndani huku ngozi yake ikionekana nzima. Na ukinunua wa nyuzi nyingi ukwangue kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba.

Friji ya kwenye bodi la nyuma inaumbua waya mwembamba kuliko kitu kingine. Inakula kama ampea 5, betri iko mita sita mbele. Kwa waya wa moja na nusu, kwenda na kurudi, unapoteza volti 0.7 njiani. Betri iko 12.2, friji inaona 11.5 na kuzima kwa kudhani betri imeisha, na mwenye gari anakwenda kununua betri mpya. Waya wa 6 hupoteza chini ya 0.2.

Ethi, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka kichwa cha pete, kaza kwa bolti, paka grisi. Mwambao, Tanga hadi Mtwara, usipoipaka chumvi itakuchorea ukijani kwenye shaba kabla mvua hazijapita. Inverta, kile kigeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ikiwa ya wati 1000 inavuta zaidi ya ampea 90. Anayeichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara namtakia safari njema. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi si kiungo, gundi ikipata joto inateleza kama samli. Bana kwa kibanio chenyewe na uvishe mpira wa kusinyaa.

Kabla ya kumlipa fundi, washa injini, washa taa zote alizofunga, acha dakika kumi. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye mguu wa taa yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti waya ni mwembamba au ethi ni mbovu. Kisha shika kasha la fyuzi kwa mkono mtupu. Likikuunguza, mrudishie spana aanze upya.