Siku Pweza Alipoingilia Posa ya Wifi

Mume wangu ni fundi cherehani, na kazi ya cherehani ni kuinama. Jumatatu hadi Jumamosi ameinama, anapima viuno vya watu na kudai salio. Jumapili ikifika mgongo nao unadai haki yake, na hapo nyumba nzima tunakaa roho juu, maana hatujui safari hii ataingia na nini mlangoni.

Alianza na njiwa. Wakazaana, wakajaa paa zima, kisha wakaanza kupungua mmoja mmoja. Kumbe jirani wa nyuma naye alikuwa mpenzi wa njiwa, ila yeye aliwapenda kwenye tui. Zikafuata redio mbovu: alizifungua zote, na mpaka leo hakuna hata moja iliyofungika. Halafu bao. Bao lilikuwa na nafuu, kwa sababu halileti kitu nyumbani, linachukua mtu tu. Liliisha siku alipofungwa na kijana wa kidato cha pili mbele ya wazee wa baraza, akarudi akisema mchezo huu siku hizi hauna adabu.

Ndipo akageukia pweza.

Sisi tunakaa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ambako asiye na baiskeli huonekana kama mgonjwa. Kwenda pwani ya Sahare ni kukanyaga pedali tu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari yetu huwa ya bamvu: maji yanajaa sana na kupwa sana. Ifikapo saa 4 asubuhi hivi mwamba uko nje, mtu anatembea kwa miguu pahala ambapo alasiri itapita ngalawa. Huko ndiko kina mama hushuka na vijiti vyao kuchokoa pweza mashimoni, na huko ndiko mume wangu alikojipeleka, amevaa suruali aliyoishona mwenyewe, yenye mifuko isiyo na idadi.

Kina mama walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakamfundisha. Walimwambia atafute shimo lenye magamba ya kaa mlangoni, kwa kuwa pweza ni mlaji asiyefagia. Walimwambia asiamini jiwe lolote, kwani mnyama huyu hubadili rangi akawa jiwe hasa, na kwamba hana mfupa hata mmoja, kwa hiyo akipata tundu dogo anapita mwili mzima. Maneno haya yote mume wangu aliyarudia nyumbani kila siku wakati wa kula. Alichokuwa haleti ni pweza. Alileta miguu iliyochomwa na miiba ya mwambani, na mimi nikawa natafuta siki na pini.

Sasa ikaja posa ya wifi yangu.

Wifi ni kitinda mimba wao, tunaishi naye. Baba mkwe ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwenye kauli ni ami yao wa Pangani, na mume wangu ndiye mwenyeji. Barua ilikuwa iletwe Jumapili baada ya sala ya alasiri. Ami na mama mkwe waliwasili Jumamosi. Ilikuwa masika yale yenyewe, mvua inanyesha hata haipumui, mtaani tope mpaka kwenye vifundo. Nikakanda, nikakaanga, nikafuta ukumbi, nikafuta tena. Kitu kimoja tu hakuna aliyekitazama: mwezi ulikuwa umeandama juzi yake.

Asubuhi ile mume wangu akasema anakwenda sokoni kuongeza nazi.

Alirudi saa 7 mchana, amelowa chapachapa, na ndoo imefungwa nyuma ya baiskeli. Ndani ya ndoo hamkuwa na nazi. Mlikuwa na maji ya bahari, na ndani ya maji, jicho.

"Kilo 2 na nusu," akasema, na sauti ikamtetemeka. Alikuwa amempitisha kwenye mizani ya muuza dagaa. Akatukumbusha kwamba sheria inakataza pweza wa chini ya nusu kilo, kana kwamba kuna mtu uani pale aliyekuwa na shaka. Akatoa futi kamba yake ya dukani ampime minyiri. Mnyiri wa kwanza ulipimika. Wa pili ulikamata futi, na hiyo futi ilirudi baada ya mvutano.

Mama mkwe, aliyezaliwa na kukulia Pangani mbele ya bahari, akasema maneno machache: "Mgeuze kichwa, mpige jiweni, nibandike sufuria."

"La, mama. Wageni wamwone mzima. Wajue wanaoa kwa watu gani."

Wifi akatoa kichwa dirishani, nusu ya uso ina poda, nusu bado. "Kaka, mimi ndiye ninayeposwa au huyo?"

Hakujibiwa. Ndoo ikawekwa uani chini ya michirizi, ikafunikwa sinia, na juu ya sinia pakawekwa jiwe. Mpaka hapo, kusema kweli, mambo yalikuwa salama. Lakini tuna mtoto wa kiume yuko darasa la tatu, na mtoto huyu ana akili ya biashara ambayo hatujui ameirithi kwa nani. Wakati sisi tunavaa, yeye alipitisha wenzake mlango wa nyuma: kumwona pweza shilingi 100, kumgusa 200. Alifanya mauzo mazuri. Mwisho wa mauzo jiwe halikurudi juu ya sinia, na sinia halikurudi juu ya ndoo.

Wageni wakaja. Mshenga alikuwa mzee wa heshima zake, kofia ya vito, kanzu nyeupe inayong'aa, ameikunja mpaka magotini, na miguuni, kwa sababu ya lile tope, gambuti. Gambuti nyeusi, refu, la shamba. Akalivua barazani akiomba radhi kwa mavazi yale, akaingia na soksi.

Wifi, ambaye alikuwa akichungulia kwa pazia, akaona hapa ndipo pa kuonyesha malezi. Akayabeba mabuti ya mzee mpaka uani, akayaosha tope, akayasimamisha chini ya michirizi, kando ya ndoo. Mvua ikaendelea kuyatilia maji kidogo kidogo. Nilipomweleza baadaye mama mmoja wa mwambani, alicheka akapiga magoti. Maji ya ndoo yameshamchosha pweza wa watu, kisha unamsogezea pango: jembamba, jeusi, lenye giza na unyevu, na mlango juu! Hata ningekuwa mimi ningehama.

Ndani mambo yalikwenda kwa taratibu zake. Mshenga akasema wao ni wapita njia, wameona ua katika bustani hii. Ami akajibu kwamba bustani ina maua mengi, wanasema lipi? (Ua ni moja tu, na kila mtu alijua, ila ndivyo inavyosemwa.) Barua ikatolewa imeviringwa kwenye leso mpya. Nikatoka kuchukua birika la chai ya maziwa, nikapita karibu na ndoo.

Ndoo ilikuwa na maji tu.

Sikupiga kelele. Nilikwenda kwa mama mkwe nikamnong'oneza, naye akachukua mchi. Tukatafuta kwa ishara: chini ya mbuzi ya nazi, nyuma ya pipa, ndani ya kinu, kwenye sufuria la tui, huku wifi amenyanyua dera lake mpaka magotini na kusimama juu ya kigoda akituelekeza kama nahodha. Nikaona hapana, mwenye mali aitwe. Nikaenda mlangoni nikasema kwa adabu, "Baba Watoto, sukari imekwisha."

Akatoka. Akaitazama ndoo. Nimeishi na mtu yule miaka mingi, nimemwona akipoteza mteja, nimemwona siku cherehani ilipoungua, lakini uso ule sikuwahi kuuona. "Atakufa," akasema.

"Nani?" nikamuuliza.

"Pweza!"

Akarudi ndani kukaa na wageni, maana haikuwezekana akosekane. Basi ami anasifu ukoo, anasema sisi ni watu watulivu, nyumba yetu haina mambo ya kushtukiza, na mwenyeji mwenyewe ameinama anatazama chini ya kochi la mgeni. Mgeni akasogeza miguu. Mwenyeji akahamia kochi la pili.

Chai ikanywewa, sambusa zikaisha, kaimati zikaisha. Ikasemwa kwamba jibu litapatikana baada ya wiki moja. Ikasomwa fatiha. Wageni wakainuka, na wifi, kwa malezi yaleyale, akampitishia ndugu yake mabuti ya mzee, safi, yanang'aa. Baadaye alisema aliona moja zito kidogo, akadhani maji.

Mzee akaketi kwenye kiti cha barazani. Mguu wa kulia ukaingia vizuri. Wa kushoto ukaingia nusu, ukasimama.

"Subhanallah," akasema mzee, taratibu.

Sote tukanyamaza.

"Humu mna mtu."

Kabla hajajibiwa, huyo mtu akajibu. Mzee aliruka kwa nguvu ambazo umri wake hauruhusu, akatua kwa mguu mmoja, akamshika ami begani. Ami akashika nguzo. Gambuti likachomoka likaanguka, lakini mwenye gambuti mpya hakuanguka nalo. Alikuwa amekumbatia soksi ya mzee kwa minyiri yote minane na hana haraka. Mzee akatikisa mguu. Kwa kutikiswa, pweza akafanya kile pweza akifanyacho akiudhiwa, na wino ukaanzia kwenye pindo la kanzu nyeupe ukapanda.

Katika hali hiyo ungetegemea mwenyeji amwokoe mgeni. Mume wangu alipiga magoti, mikono miwili mbele, akapaza sauti: "Mzee, usimvute! Utamkata mnyiri!"

Aliyeokoa jahazi ni mama mkwe. Alitoka ndani, mtandio umefungwa kiunoni, akawasukuma wanaume wote kando. "Samahani, baba," akamwambia mzee, akashika kichwa cha pweza kwa mkono mmoja na kukigeuza nje ndani, kwa mwendo mfupi, kama mtu anayegeuza soksi. Minyiri ikalegea mmoja baada ya mwingine. Kazi aliyoamuru ifanyike saa 7 mchana ilifanyika saa 11 na ushei, mbele ya mashahidi.

Pakawa kimya. Mtaa mzima ulikuwa umesimama. Katika kimya kile mwanangu akajipenyeza katikati ya kanzu, akanyoosha kiganja.

"Babu, umemgusa. Ni mia 2."

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Ami alikuwa bado ameshika nguzo. Wifi ndani alikuwa ameshaanza kulia, poda yote inashuka. Mzee akaitazama kanzu yake, akamtazama pweza mkononi mwa mama mkwe, akamtazama tena kwa makini zaidi.

"Ana kilo ngapi?"

"Mbili na nusu," mume wangu akajibu, bado yuko magotini.

"Sahare?"

"Sahare, mzee. Upande wa mikoko."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari muhimu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa sarafu ya 500, akampa mwanangu, akamwambia abaki na chenji. Kisha akasema, kwa sauti ya kuwasikilizisha wenzake: "Kitu kikikuingilia kwenye kiatu chako, ni chako. Nifungieni."

Akafungiwa. Akaondoka na barabara yake, gambuti zote mbili miguuni, kanzu nusu nyeupe nusu nyeusi, na mfuko mkononi unadondoka. Mume wangu alimsindikiza kwa macho, na sidhani kama alikuwa anamtazama mzee.

Wiki ile haikupita kirahisi. Ami alirudi Pangani akisema yeye hajaona kitu. Wifi hakuzungumza na kaka yake, na chakula chake akamwekea upande wa mlango. Mimi nikawa nasubiri barua ya kuvunja. Siku ya nne akaja mjukuu wa mzee, nikajua ndiyo hiyo. Kumbe katumwa na bibi yake. Bibi anasalimu sana, anasema ahsanteni kwa pweza, mzee alitengenezewa supu akaimaliza yote, na anauliza bamvu nyingine ni lini.

Jumapili iliyofuata mshenga akaja kuchukua jibu. Safari hii jua lilikuwa limetoka na amevaa viatu vya ngozi. Alivivua mlangoni kama ada, lakini hakuviacha. Akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akaingia nao mpaka kwenye kochi na kuupakata. Alikunywa chai kwa mkono mmoja.

Mume wangu akaona aibu. "Mzee, viache tu mlangoni. Wiki hii ni maji mafu, hata mwamba hauonekani. Sijavua kitu."

"Najua ni maji mafu, mwanangu," mzee akasema, akiusogeza mfuko karibu na kifua. "Ndiyo maana nakuuliza: leo Jumapili, hukwenda baharini. Umeshinda unafanya nini?"

Kutoka uani tukasikia njiwa.