Sindano Ipi Iguse Santuri za Babu?

Babu alituachia sanduku la bati lenye santuri sitini na kitu. Nyingi ni zile ndogo za inchi 7, za mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika, alizokuwa akinunua kwa fedha za korosho, msimu baada ya msimu, na kuzipigia barazani Mikindani. Gramafoni yake ilishakufa zamani. Sasa ndugu tunataka kuzisikia tena, na tumegawanyika. Binamu yangu anataka tununue mashine ya mkoba, ile yenye spika ndani yake na kufungwa kama sanduku la nguo. Mjomba aliyeko Dar es Salaam anasema hiyo ni kuziua santuri. Anataka tutafute mashine ya mtumba kutoka Japani, na amplifaya na spika zake pembeni. Kwetu neno la mjomba ni zito. Hata hivyo hoja zote mbili zinafaa kupimwa kwa hali ya Mtwara, tukianza na mali yenyewe.

Santuri za muziki wa dansi wa Tanzania kwa sehemu kubwa zilichapwa Nairobi, maana kwetu hakukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Kibao kirefu kilikatwa vipande viwili, nusu upande A, nusu upande B. Baadhi ya nyimbo hizo leo zimo kwenye simu, lakini nyingine hazijawahi kutolewa tena kwa namna yoyote. Mashine ikiharibika utanunua nyingine. Santuri ikikwanguliwa, huenda ndiyo iliyokuwa imebaki. Kwa hiyo mimi naanzia kwenye sindano, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachogusana na sauti ile.

Hapo mjomba ana hoja. Mashine nyingi za mkoba hutumia katriji ya kauri, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Hii hutoa umeme mwingi wa sauti, ndiyo maana haihitaji amplifaya ya maana, na ndiyo maana mashine ni ya bei nafuu. Lakini kwa kawaida sindano yake hukandamiza santuri kwa gramu 5 au 6, wakati katriji ya sumaku ya kawaida hukandamiza kwa gramu 2 au 3. Mkono wake unaobeba sindano hauna uzito wa kurekebisha, kwa hiyo kilichotoka kiwandani ndicho utakachoishi nacho. Na kwa kuwa spika zimo ndani ya mwili uleule, mtikisiko wa besi hurudi kwenye sindano.

Ila tusimwonee binamu. Hizo gramu 5 si kifo cha papo hapo. Mashine za betri zilizopiga santuri hizi vijijini zamani zilikandamiza hivyo na zaidi, na bado santuri zinaimba. Kinachoua haraka ni vumbi kwenye mfereji, ule mstari ambamo sindano hupita, na sindano iliyokwisha ambayo hakuna aliyejali kuibadilisha. Ncha ya almasi huhesabiwa kudumu kati ya saa 500 na 1,000. Ya yakuti, ambayo ndiyo mara nyingi huwekwa kwenye mashine za bei ya chini, hudumu kidogo sana kuliko hapo. Na mkoba una faida ambayo mjomba haioni akiwa Dar es Salaam: baadhi zina betri ya ndani, na Mtwara tunajua umeme kukatika ni nini. Mashine inayopiga leo ina thamani kuliko mashine bora inayosubiri vifaa mwaka mzima.

Wapo wanaosema santuri zetu zilishachakaa, basi sindano yoyote inatosha. Hapa nakataa kabisa. Sindano ya zamani ilisugua kuta za mfereji kwa kimo fulani. Sindano yenye ncha ya umbo jingine, kama ile ya duaradufu, inaweza kugusa sehemu ya ukuta ambayo haijaguswa sana, na sauti uliyodhani imekufa ikatoka. Santuri iliyochakaa ndiyo inayohitaji sindano nzuri zaidi.

Tuje kwenye mtumba wa Japani, na hapa mjomba naye amesahau jambo kubwa. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Hilo hutatuliwa na transfoma ya kupunguza. Kisichotatuliwa na transfoma ni hezi, yaani mara ngapi umeme hugeuka kwenda na kurudi kwa sekunde. Sisi tunatumia hezi 50; Japani imegawanyika, upande wa Tokyo 50, upande wa Osaka 60. Mashine ya zamani ambayo mota yake hufuata hezi za umeme, ikiwa imepangwa kwa 60, hapa itazunguka polepole: santuri ya 45 itakwenda mizunguko 37.5 kwa dakika, na gitaa lote litasikika zito kuliko lilivyo. Mota za umeme wa moja kwa moja (DC), au zile zinazoongozwa na fuwele kama Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, hazina tatizo hilo. Ukinunua mtumba, uliza hilo kabla ya kuuliza bei. Tena angalia mkanda wa mpira haujayeyuka, na hakikisha sindano ya katriji hiyo bado inauzwa. Fundi redio mzuri atakusafishia mota na swichi, lakini hawezi kukuchongea almasi.

Amplifaya na spika za pembeni? Sioni haja kwa kuanzia. Nyumba nyingi hapa zina sabufa, na sabufa karibu zote zina matundu mawili ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Tatizo ni kwamba katriji ya sumaku hutoa takriban milivolti 5 tu, na santuri za tangu katikati ya miaka ya 1950 zilikatwa kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani: besi imepunguzwa na sauti nyembamba imeongezwa. Lazima kuwe na priampu ya fono, kikuza sauti kidogo cha kuitangulia amplifaya, ya kuirudisha sawa. Ukichomeka moja kwa moja utasikia mlio mdogo, mkavu, usio na besi, utadhani santuri ni mbovu. Mashine nyingi mpya za bei ya chini zina priampu hiyo ndani, pamoja na swichi yake. Ila usiiweke juu ya meza moja na sabufa, utapata mvumo usioisha.

Kwa hiyo kura yangu simpi yeyote kati yao. Nachagua mashine mpya ya kawaida yenye katriji ya sumaku, sindano inayobadilishika, priampu ndani na adapta ya volti 12. Audio-Technica AT-LP60X ni mfano: hukandamiza kwa takriban gramu 3, na adapta yake ni ya volti 12, kwa hiyo aliye na betri ya sola anaweza kuitafutia waya sahihi bila kutegemea gridi. Mkono wake nao haurekebishwi, hilo mjomba atalalamikia, na kwa haki. Lakini uzito wake unavumilika. Mwenye fedha zaidi atafute yenye mkono wa kurekebisha.

Chini kabisa ya sanduku kuna santuri tatu nzito za mwendo wa 78, za aina iliyokuwako Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928. Mfereji wake ni mpana mara tatu hivi, na sindano ya santuri ndogo hutumbukia hadi chini na kukwangua uchafu tu. Hizo hazitapigwa kwenye mashine yoyote kati ya hizi. Nimeziosha kwa maji na sabuni laini, bila kulowesha karatasi ya katikati, ukungu wa pwani umetoka, na nimezisimamisha wima kabatini mbali na dirisha mpaka tupate sindano yake.