Vifo vya watoto vimepungua, lakini tunavilinganishaje?

Mwaka 1999, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto ulikadiria kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 hawakufikisha miaka mitano. Utafiti wa aina hiyo hiyo wa 2022 ukaja na 43. Zitaje namba hizo mbili mbele ya watu Dar es Salaam na mara moja baraza linagawanyika. Wapo watakaosema nchi imepiga hatua kubwa kuliko tunavyojipa sifa. Wapo watakaokwambia hizo ni takwimu za maofisini, nenda wodi ya watoto ukajionee.

Naona wa kwanza wako sahihi kwenye jambo kuu. Wa pili nao wana hoja, ila nzito zaidi si ile wanayoitaja.

Nianze na hiyo ya wodini. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 843,000 katika sensa ya 1978. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.38. Sasa tuchukue namba za kubuni, ili hesabu tu ionekane: mji wenye vizazi 20,000 kwa mwaka ukipoteza watoto 200 katika kila 1,000, unazika 4,000. Miaka ikapita, vizazi vikawa 100,000 na vifo vikashuka hadi 50 kwa 1,000. Mji huo sasa unazika 5,000. Hatari kwa kila mtoto imebaki robo, lakini majeneza madogo yameongezeka. Muuguzi wa siku nyingi anayesema anaona vifo vingi kuliko alipoanza kazi huenda anasema kweli tupu, na bado kiwango kikawa kimeshuka. Tena Amana, Temeke na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, yaani walioshindikana zahanati na vituo vya afya wanakusanywa hapo. Na mtoto ambaye zamani angefia nyumbani, siku hizi walau anafikishwa. Wodi inaonesha wagonjwa mahututi wanapelekwa wapi. Haiwezi kuonesha mtoto wa kawaida wa Mbagala ana nafasi gani ya kufikisha miaka mitano.

Hoja nzito iko kwenye chanzo cha namba zenyewe. Nchi ambayo kila kizazi na kila kifo vinaandikishwa inahesabu tu. Sisi bado hatujafika huko. Utafiti wa 2015-16 ulikuta watoto walioandikishwa kuzaliwa ni asilimia 26 tu ya walio chini ya miaka mitano. Kwa hiyo tunawauliza akina mama, na tunawauliza kwa namna mbili tofauti. Karani wa sensa hana muda: anauliza umezaa wangapi, wangapi wako hai, anahamia kaya inayofuata. William Brass, mtaalamu wa idadi ya watu kutoka Scotland, ndiye aliyebuni njia ya kugeuza majibu mafupi ya namna hiyo kuwa makadirio ya vifo, kwa kuangalia umri wa mama na kutumia kielelezo cha jinsi vifo vinavyotawanyika kwa umri. Mdadisi wa utafiti wa afya, yeye anakaa. Anaandika historia nzima ya uzazi, mtoto mmoja mmoja, alizaliwa lini, yuko hai, kama hayuko alifariki na umri gani.

Njia hizi mbili hazitoi jibu moja. Sensa ya 1988 ilizaa makadirio ya vifo 115 vya watoto chini ya mwaka mmoja kwa kila vizazi hai 1,000. Utafiti wa 1991-92 ukasema 92. Mtu akizichukua hizo mbili na kuchora mstari, atatangaza kwamba vifo vilishuka kwa moja ya tano ndani ya miaka michache, wakati kilichobadilika kwa kiasi kikubwa ni namna ya kuuliza, pamoja na kipindi ambacho majibu yanakihusu. Michoro ya aina hii ipo mingi mitandaoni, ya wanaosifu na ya wanaoponda, na yote inaweza kuwa na namba halali. Sensa ilinganishwe na sensa, utafiti na utafiti.

Hata ukifuata kanuni hiyo, kuna mama asiyeulizwa: aliyekufa. Katika miaka ya 1990 UKIMWI uliua akina mama wengi, na watoto wao, ambao nao walikuwa katika hatari kubwa zaidi, hawakuwa na mtu wa kuwasimulia kwa mdadisi. Maana yake ni kwamba ile 147 ya 1999 pengine ilikuwa ndogo kuliko hali halisi. Hapa wenye shaka wanapaswa kujibu swali, kwa sababu wao hudhani kosa la takwimu daima linaipamba leo. Kosa hili linaipamba jana. Ukilirekebisha, mteremko unazidi kuwa mkali.

Ila ukiniuliza kiwango cha Dar es Salaam peke yake, imani yangu inapungua. Utafiti wa kitaifa unafikia kaya chache katika kila mkoa, kwa hiyo ili kupata vifo vya kutosha kukokotoa kiwango cha mkoa, watafiti huunganisha miaka kumi ya nyuma. Na mama anahesabiwa anakoishi siku ya mahojiano. Mwanamke aliyehamia Gongo la Mboto mwaka jana kutoka Tabora, kama alipoteza mtoto huko miaka mitano iliyopita, kifo hicho kinaingia Dar. Katika mji unaojengwa na wahamiaji, hilo si jambo dogo.

Utafiti wa 2015-16 ulitoa mfano wa kukuna kichwa: vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilionekana kuwa juu mijini kuliko vijijini. Wapo watakaosema ndiyo hali yenyewe, misongamano ya mabondeni na mitaro inayofurika kila masika, mji umepoteza faida yake. Wengine wataona kasoro ya uandishi: mtoto aliyevuta pumzi dakika chache hospitalini anaandikwa kazaliwa hai akafa, wakati kijijini, akizaliwa nyumbani, huenda akasimuliwa kama aliyezaliwa mfu na asiingie kabisa kwenye hesabu. Nadhani yote mawili yamo. Kwa namba zile siwezi kuyatenganisha, na sioni wengine wanawezaje.

Kwa nini basi nauamini mteremko wa kitaifa? Kwa sababu ya umbo lake. Mwaka 2004-05 vifo vilikuwa 112 kwa kila vizazi hai 1,000, na kati ya hivyo 32 vilitokea katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2022 vilikuwa 43, na 24 vya mwezi wa kwanza. Fanya kutoa. Vifo vya baada ya mwezi wa kwanza vimeporomoka kutoka 80 hadi 19. Vya watoto wachanga vimesogea kutoka 32 hadi 24 tu. Anayepika takwimu angepika zote. Asingeacha aibu ya watoto wachanga ikikaa pale pale.

Na kilichoshuka ndicho hasa kilichopaswa kushuka kwa dawa na kinga tulizozipata. Hati Punguzo za vyandarua zilianza 2004. Dawa mseto ya malaria ilichukua nafasi ya SP, dawa ya awali iliyokuwa imeanza kushindwa na vimelea, mwaka 2006. Chanjo dhidi ya Hib, bakteria anayeweza kuleta homa ya uti wa mgongo, ikaingia 2009, kisha kuanzia 2013 zile za nimonia na za kuhara. Upo pia ushahidi usiotegemea kumbukumbu ya mama yeyote: watoto waliopimwa damu majumbani na kukutwa na malaria walikuwa takriban asilimia 18 mwaka 2007-08, na 8 mwaka 2022, ingawa katikati, 2015-16, walipanda hadi 14. Mstari ulionyooka kabisa ungenitia wasiwasi zaidi.

Jambo la kupita tu, kwa kuwa msimu wa uchaguzi haukosi wanaolisahau: ile 43 inahusu miaka mitano kabla ya utafiti. Anayeitaja kama matunda ya bajeti ya 2022 anajisifia yaliyotokea tangu 2017.

Watoto wachanga ndio wanaobaki, na kwao chandarua hakisaidii kitu. Wanaokufa ni njiti, walioshindwa kupumua baada ya uchungu mrefu, waliopata maambukizi siku za mwanzo. Wanahitaji mkunga aliye macho saa tisa usiku, mashine ya oksijeni inayofanya kazi, gari la kumtoa mama Kigamboni bila kungoja, na chumba chenye joto ambacho hakijajaza watoto watatu kitanda kimoja. Dar es Salaam umbali si kikwazo kama ulivyo Katavi. Kikwazo ni wingi wa wanaojifungua kuliko nafasi na mikono iliyopo, na tatizo hilo haliishi kwa kampeni ya wiki moja.

Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka ifikapo 2030 vifo vya chini ya miaka mitano visizidi 25 kwa 1,000, na vya watoto wachanga visizidi 12. La kwanza, kwa mwendo wa kutoka 67 ya 2015-16 hadi 43 ya 2022, mtu mwenye matumaini anaweza kulitetea. La pili sioni wa kulitetea kwa namba tulizonazo. Mwaka 2015-16 vifo vya watoto wachanga vilikuwa 25, mwaka 2022 vikawa 24, na kwa utafiti wa sampuli, tofauti ya kifo kimoja haitoshi hata kusema kwamba vimeshuka.