Hicho Kiti Nimekilipia

Jamani, namba ya kiti kwenye tiketi ya ndege si pambo. Ukitoka Nairobi kwenda Dar, Mlima Kilimanjaro unauona upande wa kulia, ndiyo maana wengine tunalipia mapema dirisha la upande huo. Sasa unaingia unakuta mtu mzima keshajimwaga pale, viatu kavua, mkanda kafunga. Unamwonyesha namba. "Kaa tu hapo kati, dada, si wote tunafika?" Nyuma yako abiria wanasonya, begi linakuelemea begani, na mkorofi unaonekana wewe!

Kuombwa tubadilishane sina neno, hasa na mama mwenye mtoto. Lakini omba kabla hujakaa, na uje na kiti cha maana. Usinipe cha katikati jirani na choo halafu ukasubiri nikushukuru.

Kinachonimaliza kabisa: akishalipata hilo dirisha, anashusha pazia na kukoroma. Mawingu hakuna, mlima wa mita 5,895 unapita hapo nje, yeye mdomo wazi.

Na anayekaa kati aachiwe sehemu zote mbili za kuwekea mikono. Keshateseka vya kutosha.